Jinsi ya kutengeneza mishri, sukari ya mawe ya Kihindi

Ukimaliza kula kwenye mkahawa wa Kihindi, mara nyingi huletewa kibakuli cha shamari iliyochanganywa na vijiwe vyeupe vitamu. Hiyo ndiyo mishri. Jina lake maana yake ni "ya Misri", ingawa neno sukari lenyewe lilitoka India: sharkara kwa Kisanskriti, likapitia kwa Waajemi na Waarabu hadi likatufikia. Mimi hutengeneza mishri ya uzi kila mwaka kabla ya Janmashtami, sikukuu ya kuzaliwa kwa Krishna, mungu wa Wahindu, kwa sababu jirani zangu Wagujarati hapa Mombasa humwandalia siagi nyeupe na mishri.

Hatua ya 1: Uzi. Chukua uzi mnene wa pamba usio na rangi. Uloweshe, ubingirishe kwenye sukari, kisha uanike usiku kucha. Usiiruke hatua hii. Chembe hizo ndizo mbegu ambazo vijiwe vitaota juu yake. Zisipokauka vizuri zitayeyuka ndani ya shira na utatoka mikono mitupu.

Hatua ya 2: Shira. Vikombe 3 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji. Koroga kwenye moto mdogo mpaka shira ing'ae, usione chembe hata moja. Lita 1 ya maji yasiyo ya moto huyeyusha kilo 2 hivi za sukari. Yakichemka huyeyusha karibu kilo 5. Shira ikipoa, sukari iliyozidi hutafuta pa kushika. Kama ni ya ibada, usionje. Cha kutolewa kwa Mungu hakitangulii mdomoni mwa mpishi.

Hatua ya 3: Kutundika. Ipoe kidogo, mimina kwenye chupa safi ya kioo. Funga uzi kwenye kijiti, uning'inie katikati bila kugusa chini wala pembeni. Funika kwa kitambaa chepesi, chupa uiweke ndani ya sahani yenye maji, sisimizi wasipande.

Hatua ya 4: Kuiacha. Siku 7 hadi 10. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nainua uzi kila asubuhi nitazame; nikaambulia tope la sukari chini na uzi mtupu. Siku ya pili uzi huwa kama umepigwa na umande. Kufikia siku ya tano vijiwe vimeota pembe, na jua la dirishani linapenya ndani yake.

Hatua ya 5: Kuvuna. Vunja ganda la juu taratibu, toa uzi, suuza mara moja kwa maji baridi, anika.

Kwa koo linalowasha, saga mishri na pilipili manga, changanya na samli kidogo, ulambe kabla ya kulala. Hulainisha koo tu, haiponyi ugonjwa. Kikohozi kikifika wiki 2, nenda ukapimwe kifua kikuu. Na mwenye kisukari asidanganywe kwamba mishri ni "baridi" mwilini, haina madhara. Ni sukari ile ile.

Shira iliyobaki usiimwage, itie kwenye chai ya tangawizi.