Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwazoeza Choo Sungura Wawili wa Kizimba Kimoja

Sungura huchagua mwenyewe pembe ya kukojolea, na tabia hiyo ndiyo inayoiwezesha kazi hii yote, kwani mfugaji hufuata tu uchaguzi wa mnyama na kuweka beseni la choo pale pale. Wanapokuwa wawili, hata hivyo, mkojo na vitonge vya kinyesi huwa pia alama za umiliki, na kila mmoja hutaka mwenzake ajue kwamba pembe hii ina mwenyewe. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maandalizi hufanyika kabla beseni halijanunuliwa.

Jambo lenye uzito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kujua jinsia ya kila sungura na kuamua mapema kuhusu kuwahasi. Sungura aliyebalehe, jambo ambalo mara nyingi hutokea kati ya umri wa miezi 3 na 6, mapema zaidi kwa aina ndogo, huweza kurusha mkojo ukutani na hata juu ya mwenzake, na hakuna beseni litakalomzuia. Dume na jike wasiohasiwa wasikae pamoja hata kwa siku moja ikiwa hukukusudia watoto, kwa maana mimba huchukua takriban siku 31 na jike huweza kushika nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Dume huweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa, hivyo mtenge na jike mpaka wiki 6 zipite. Jike naye akitolewa kizazi hukingwa na saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo huwapata majike wengi wanapozeeka. Tafuta daktari wa mifugo aliyekwisha kuwafanyia sungura upasuaji, kwa kuwa si kila daktari amezoea kuwapa dawa ya usingizi. Ukiambiwa umlaze njaa usiku wa kuamkia upasuaji, uliza tena kwa heshima: sungura hawezi kutapika, na utumbo wake hudhurika ukikaa mtupu.

Hakikisha pia kwamba wawili hao wamekwisha kupatana. Wakutanishe kwanza mahali ambapo hakuna kati yao aliyewahi kupaita kwake, kwa vipindi vifupi, mpaka walale ubavu kwa ubavu na kulambana. Hata baada ya hapo, siku za mwanzo za kukaa pamoja huleta vitonge vilivyotawanyika kila mahali, nami naomba mfugaji asikate tamaa wala asiwagombeze, kwani sungura anayeogopa hujifunza kumkimbia mtu, na choo hajifunzi. Kipimo cha mafanikio ni mkojo kuingia beseni. Vitonge vichache vikavu nje yake vinavumilika.

Vizimba vingi vinavyotengenezwa na mafundi wetu vimekusudiwa ufugaji wa nyama, na sakafu yake ni wavu ili uchafu upite chini. Kenya na Tanzania wako wafugaji wanaoukinga mkojo huo na kuutumia kama mbolea, na kwa kazi hiyo wavu unafaa. Kwa sungura wa kukaa nyumbani, wavu huchubua nyayo za nyuma na kuwazoeza kwamba kila mahali ni choo. Funika sakafu kwa ubao ulio laini kabla ya kuanza.

Beseni lenyewe liwe pana kiasi cha kuwatosha wote wawili kwa pamoja, au yawekwe mawili katika pembe mbili, kwa kuwa sungura mwenye ubabe hulikalia beseni la pekee na mwenzake akalazimika kwenda kando. Beseni la kufulia la plastiki, lililokatwa upande mmoja na ukingo wake kusuguliwa usikwaruze, linatosha kabisa.

Ndani yake weka karatasi zilizochanwachanwa au magazeti yaliyokunjwa, kisha nyasi kavu juu. Maranda yanahitaji uangalifu: ya misonobari na mierezi yana harufu kali inayodhuru mapafu na ini, na ya karakana huchanganyika na vumbi, misumari na mabaki ya mbao zilizotiwa dawa. Udongo wa choo cha paka unaogandamana usitumike kamwe, kwa sababu sungura hutafuna kila kitu na udongo huo huziba utumbo.

Nyasi kavu ndizo mwalimu mkuu, kwa kuwa sungura hula na kunya kwa wakati mmoja. Zitundike mahali ambapo ni lazima aketi ndani ya beseni ili azifikie, na ziwepo usiku na mchana. Robota la nyasi kavu aina ya Boma Rhodes lisilo na ukungu litawatosha wawili kwa muda mrefu. Mkojo ukimwagika nje, ufute kwa karatasi na uitie karatasi hiyo beseni ili harufu iwaelekeze. Unaposafisha, acha kidogo cha matandiko ya zamani, lakini usingoje harufu iwashe macho. Utando mweupe unaoganda chini ni chokaa ya mkojo wao, na siki nyeupe huuyeyusha.

Rangi ya mkojo isikutishe, kwa kuwa majani wanayokula huweza kuugeuza kuwa wa chungwa au wa kahawia. Linalotakiwa kukushtua ni sungura aliyekwisha kuzoea choo kuanza ghafla kukojoa ovyo, kujikakamua, au kulowa sehemu za nyuma, kwani huenda ana maradhi ya kibofu au maumivu ya viungo. Kwa kuwa wako wawili, andaa mapema wavu wa kugawa kizimba katikati, ili uweze kuwatenga kwa usiku mmoja huku wakiendelea kuonana na kunusana, na asubuhi ujue ni yupi wa kumpeleka kwa daktari.