Chapati za rangi tatu na kuku wa nazi, bila rangi ya dukani

Swali ninaloulizwa sana na wamama ninaowapikia chapati za oda hapa Tanga ni hili, mbona nikikanda unga na bitiruti donge linakuwa pinki nzuri kabisa, alafu chapati ikitoka kwenye fraipeni imekuwa kahawia? Mwingine anasema mchicha ulikuwa kijani kibichi sokoni, nimesaga, nimekanda, chapati imetoka rangi ya jani kavu. Wakifika hapo wanakata tamaa wanaenda kununua kile kipakti cha rangi ya unga, na mimi nilikitumia miaka miwili kabla sijajua kwaiyo nawaelewa kabisa. Ila jamani tatizo halikuwa bitiruti wala mchicha, tatizo ni namna tunavyozipika. Ya manjano inataka mafuta, ya kijani inataka haraka, nyekundu ya bitiruti inataka uchachu kidogo na moto wa wastani. Leo nawapa mlo mzima wa Jumapili, watu sita, chapati kumi na mbili, rangi zote zinatoka shambani.

Vitu vya kutafuta: ngano gramu 750 (vikombe vikubwa 6, viwili kwa kila rangi), bitiruti moja ya ukubwa wa ngumi, kiazi lishe kimoja cha kati (kile kiazi kitamu chenye rangi ya chungwa ndani), fungu moja la mchicha, manjano, chumvi, mafuta ya kupikia, limau mbili, kuku mmoja, nazi mbili, vitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, hoho, karoti, kabichi ya zambarau kipande, mdalasini, sukari na choya kavu viganja viwili (yale maua mekundu ya juisi, wengine wanaita rosela). Hapa soko la Mgandini vyote vinapatikana, bitiruti na kabichi zinashuka kutoka Lushoto na zikiwa zimefika asubuhi ileile utaziona tu, ngumu, hazijanywea.

Hatua ya 1, bitiruti. Osha tu, usimenye, na usikate ile mizizi wala shina lote, acha shina kama vidole viwili. Ukikata kabla ya kuchemsha rangi inavujia kwenye maji yote na wewe unabaki na bitiruti iliyopauka. Chemsha mpaka kisu kiingie, inachukua kama dakika 40 kwenye gesi, ikipoa ganda linavuka lenyewe kwa kidole. Sasa katakata, weka kwenye blenda na maji kidogo sana kama robo kikombe, na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau. Hilo limau ndio siri, rangi ya bitiruti ikikutana na uchachu inatulia, ikikutana na magadi au beking pauda inaharibika inaenda kwenye ukahawia, na najua kuna watu wanaweka beking pauda kwenye chapati ili zilainike, kwenye hizi msiweke hata chembe. Ulaini tutaupata kwenye kukanda na kupumzisha.

Hatua ya 2, kiazi lishe. Hiki hakina shida yoyote, chemsha na ganda lake, menya, ponda kwa uma mpaka kisiwe na mabonge. Kwenye fraipeni weka vijiko viwili vya mafuta, moto mdogo, tia nusu kijiko cha chai cha manjano ya unga, koroga nusu dakika tu mpaka harufu ipande, alafu mimina kwenye kile kiazi. Manjano hayayeyuki vizuri kwenye maji, ukiyarusha tu kwenye unga yanakaa madoa madoa na ladha inakuwa ya vumbi, ila yakipita kwenye mafuta yanafunguka na rangi inaenea kila mahali. Kiazi chenyewe rangi yake ndio inayogeuka vitamini A mwilini, nayo pia inafyonzwa vizuri ikiwa na mafuta, kwaiyo hapo umepiga ndege wawili. Wanangu wote watatu wamelelewa na viazi lishe na sijawahi kupata mboga rahisi kuliko hii kwa mtoto.

Hatua ya 3, mchicha, na hapa naomba msome taratibu maana ndipo wengi wanapokosea. Chambua majani tu, mashina weka pembeni utayaunga na mboga nyingine. Usichukue mchicha wenye wekundu kwenye majani, ukichanganyika na kijani unapata rangi ya tope. Chemsha maji mengi mpaka yatokote hasa, tia chumvi kijiko, tumbukiza majani, USIFUNIKE, hesabu mpaka arobaini, toa, tumbukiza kwenye beseni la maji baridi, kama una barafu weka. Kwanini usifunike? Majani yana tindikali yake kidogo, ukiacha wazi nyingi inatoka na mvuke, ukifunika inarudi kwenye sufuria na ndiyo inayoua ukijani. Kwa sababu hiyohiyo huku limau haliingii kabisa, limau ni rafiki wa bitiruti na adui wa mchicha. Yakishapoa yakamue kwa mikono mpaka maji yaishe, alafu saga na maji ya baridi robo kikombe mpaka yawe laini kama losheni. Vipande vikibaki chapati itachanika ukisukuma.

Hatua ya 4, kukanda. Beseni tatu, kila moja vikombe viwili vya ngano, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kijiko kikubwa cha mafuta (kwenye ya kiazi usiongeze, mafuta yameshaingia). Tia rojo lako kidogo kidogo, usimwage lote, maana bitiruti moja ina maji kuliko nyingine na ukiwahi kumwaga utaanza kuongeza unga, ukiongeza unga rangi inafifia. Kama ni kavu sana ongeza maji ya uvuguvugu kwa kijiko. Donge liwe laini kuliko la chapati za kawaida, liwe linataka kushika mkono ila halishiki. Kanda dakika kumi kila donge, ndio, kumi, mwite baba watoto asaidie au wakubwa wa nyumba, mwanangu wa darasa la nne anakanda la pinki mwenyewe na hakubali mtu aguse. Anza na kiazi, alafu mchicha, bitiruti iwe ya mwisho, vinginevyo mikono yako itapaka pinki madonge yote. Pakaa mafuta juu, funika na kitambaa kibichi, acha nusu saa.

Wakati unga umelala ndio unashughulika na kuku.

Hatua ya 5, kuku wa nazi. Kuna nazi mbili, tui la kwanza zito weka peke yake, la pili jepesi peke yake. Kuku mchemshe na chumvi, tangawizi, saumu na limau nusu mpaka akaribie kuiva. Kaanga vitunguu visiwe vyekundu sana, tia manjano kijiko kimoja cha chai kwenye mafuta hayohayo, yaani kanuni ileile ya kiazi, alafu nyanya mbili za kusaga, ziive mpaka mafuta yajitenge. Tia kuku na supu yake na tui jepesi, acha dakika kumi na tano. Tui zito ni la mwisho, likishaingia punguza moto na koroga kwa upande mmoja bila kuacha mpaka lichemke taratibu, ukiliacha litokote peke yake linakatika na mchuzi unakuwa na vipande kama maziwa yaliyoharibika. Mimi hoho naitupia dakika mbili kabla ya kuepua, ya kijani na nyekundu, ibaki inang'aa na inalia kwenye meno.

Hatua ya 6, kusukuma na kuchoma. Kila donge gawa mara nne. Sukuma, pakaa mafuta, kata mstari toka katikati mpaka ukingoni, kunja kama koni, bonyeza katikati, acha tena dakika kumi. Kama mna watoto nyumbani chukua kijidonge kimoja cha kila rangi, vuta viwe kamba tatu, suka kama unasuka nywele, alafu zungusha kama konokono na usukume, chapati inatoka na mistari ya rangi zote na hapo hata yule asiyekula mchicha anagombania. Usisukume kwa nguvu, rangi zitachanganyika.

Fraipeni iwe na moto wa wastani, hapa ndipo pinki ya watu inapofia. Kama unatumia mkaa subiri moto utulie, usichome kwenye moto wa mwanzo. Weka chapati kavu, ikianza kutoa malengelenge geuza, pakaa mafuta kidogo, geuza, pakaa upande wa pili, toa. Ukiona madoa madogo ya kahawia imetosha, usisubiri zile doa kubwa tulizozoea kwenye chapati nyeupe. Niwaambie ukweli, pinki itapungua kidogo na moto, haiwezi kubaki kama ilivyokuwa kwenye beseni, kwaiyo donge liwe limekolea kuliko unavyotaka mwishoni. Zikitoka zipange kwenye hotpoti zikiwa zimefunikwa na kitambaa, mvuke wake ndio unazilainisha.

Kachumbari ni haraka tu, kata kabichi ya zambarau nyembamba, kitunguu kilichooshwa na chumvi, karoti ya kukwaruza, kamulia limau na uangalie, ile zambarau inageuka pinki kali mbele ya macho yako, watoto wangu kila wiki wanataka wakamue wao. Choya chemsha na lita moja na nusu ya maji, kipande cha tangawizi na mdalasini, dakika kumi, chuja, sukari kwa kuonja, weka kwenye friji. Choya ni chachu yenyewe kwaiyo rangi yake haina wasiwasi, ila tumia sufuria ya stili, sio ya alumini, uchachu unakula alumini.

Mambo mawili madogo ninayopigiwa simu kila ninapouza chapati hizi. Kesho yake mtu akienda chooni anaweza kuona mkojo au choo kina wekundu, ni rangi ya bitiruti, inatokea kwa baadhi ya watu na inaisha yenyewe, mwambie bibi na mwambie dada wa nyumbani mapema ili mtu asishtuke na mtoto. Na kama manjano yamemwagikia kanga, ukitia sabuni doa litageuka jekundu kama damu, usiogope na usisugue mpaka uchane nguo, ni manjano tu yanafanya hivyo yakikutana na sabuni. Suuza, anika kwenye jua kali la saa sita, rudia kesho na keshokutwa, jua linalifuta.