Jinsi ya kupanga takwimu za zimamoto, tukianzia huku kwetu Mtwara

Wadau, takwimu zinaanza pale simu ya 114, namba ya dharura ya zimamoto, inapolia. Andika saa ya simu, saa gari limetoka, saa limefika, usisubiri kukadiria jioni ushachoka maana hapo ndo namba zinaharibika kabisa. Banda la makuti likiungua Mikindani na watu sita wakapiga simu, hilo ni tukio moja, sio sita! Chanzo kama hujakijua andika "hakijajulikana", usibandike "hitilafu ya umeme" kisa imezoeleka, kumbe ni jiko la mkaa liliachwa na makaa chini ya dari la makuti. Mtu katumbukia kisimani? Huo ni uokoaji, uweke safu yake kwenye jedwali. Simu za uongo nazo safu yake. Kabla hujatoa takwimu kwa watu linganisha na daftari la zamu, majina ya waathirika toa.