Otopailoti au mkono: kugawana kazi na mtambo kati ya Unguja na Pemba

Cessna Caravan, ndege ndogo ya injini moja, yenye skrini za Garmin G1000 ina otopailoti nzuri, yaani mtambo wa kuirusha ndege wenyewe, lakini haina mtambo wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Hapo ndipo marubani hujisahau. Otopailoti hushika pua na mabawa tu. Mkono wa nguvu ni wako tangu unawasha injini mpaka unaizima.

Tazama inavyotokea. Unashuka kuelekea Chake Chake, nguvu umepunguza, otopailoti imefika kimo ulichoiwekea na kutulia. Wewe unazungumza na mnara huku ukitafuta ndege nyengine dirishani. Nguvu hujairudisha. Ili kimo kisipotee, mtambo unainua pua kidogo kidogo na kuzungusha trimu, kifaa kinachoiweka pua ibaki ilipo bila kushikiliwa, kimyakimya. Kasi inashuka: noti (maili za baharini kwa saa) 120, 100, 85. Unapostuka, mabawa yamekaribia kushindwa kubeba, na trimu imeshavuta pua juu. Ukisukuma nguvu yote kwa pupa, pua inazidi kupanda. Basi kila kimo kinaposhikwa, mkono uwe kwenye nguvu, jicho kwenye kasi.

Hata ndege kubwa hukamatwa hapo. Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana ilianguka San Francisco: marubani walidhani mtambo wa nguvu unalinda kasi, kumbe hauilindi. Ilishuka hadi noti 103, na iliyotakiwa ni 137.

Wakati wa kupanda, tumia kitufe cha otopailoti cha FLC, kinachoshika kasi. Cha VS hushika kiwango cha kupanda (futi kwa dakika) tu, hata kasi ikiisha. Na ukibonyeza kitufe, usikiamini. Soma juu ya skrini. Maandishi ya kijani ndiyo yanayofanya kazi, meupe yanangoja zamu.

Safari ya Pemba ni kama nusu saa, na asubuhi ya anga safi ndiyo skuli ya mkono: paa mwenyewe hadi kimo cha safari, ndipo uwashe otopailoti, kisha uizime kabla ya kuanza kukaribia uwanja. Masika, mawingu yakiwa mazito, iache ifanye kazi ili kichwa chako kibaki na nafasi.

Kiwanja cha Unguja hutumia njia ya kurukia ya 18 (inayoelekea kusini) upepo wa kusi, 36 wakati wa kaskazi. Msimu unapogeuka unaweza kubadilishiwa njia ukiwa karibu kabisa. Usiinamie kompyuta kupanga upya. Weka HDG, inayoshika mwelekeo, geuza ndege kwa kirungu chake, au zima otopailoti uruke kwa mkono. Ukibonyeza mara mbili na ndege bado haifanyi unachotaka, zima.

Kabla ya kuzima, kamata usukani imara, khasa kama kasi imebadilika, maana trimu ikiwa imepotoka pua itaruka. Trimu ikikimbia yenyewe, bonyeza kitufe chekundu na ukishikilie, usikiachie, mpaka fyuzi yake ivutwe.

Ukishuka kutua, futi 500 juu ya ardhi, au 1,000 ukiwa mawinguni, kasi, mstari na nguvu viwe vimetulia. Kimojawapo kikikosekana, usitue, paa tena.