Umefanikiwa lakini mbona huna raha? Jinsi ya kutenganisha mafanikio na furaha

Kuna cheo nilikihangaikia karibia miaka minne. Nikakipata, siku ile nilifurahi mpaka usingizi ukakataa, halafu wiki ya tatu hivi nikajikuta nimekaa kwenye kiti kipya najiuliza mbona niko vile vile tu, tena sasa na simu nyingi zaidi za kupokea. Nikadhani mimi ndo mwenye kasoro. Kumbe nilikuwa natafuta vitu viwili nikidhani ni kimoja.

Mimi naviona hivi: mafanikio ni tukio, unaweza kuliwekea tarehe. Umehitimu, umepandishwa cheo, umehamia kwako, watu wanakupongeza, imeisha. Furaha huwezi kuiwekea tarehe, yenyewe iko kwenye masaa ya siku ya kawaida, unaamka ukiwaza nini, unashinda na nani, kazi yenyewe unaifanya kwa hamu au unaiburuza. Sasa kujua lengo lako liko upande gani, chukua daftari (sio simu, simu itakupeleka kwingine kabisa) uandike lengo lako juu, halafu chini yake uandike Jumanne moja, miezi sita baada ya kulipata. Sio siku ya sherehe, Jumanne. Saa kwa saa.

Hapa ndo wengi wanakwama. Mtu ana ndoto ya miaka kumi ila hajui Jumanne yake itakuwaje. Unataka kuwa bosi? Jumanne ya bosi ni vikao, ni kusuluhisha watu wawili walionuniana, ni kusaini makaratasi na kumwambia mtu hapana. Unataka kuwa mwandishi? Jumanne ya mwandishi ni kukaa peke yako unafuta ulichoandika jana. Ukiisoma hiyo Jumanne ukaona moyo umechangamka, endelea na lengo lako hata kama litachelewa. Ukiona unachokitaka ni zile pongezi tu basi ujue unatafuta mafanikio, na sio dhambi, ila usije ukashangaa baadaye.

Na usidhani wewe utakuwa tofauti na wengine. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwalinganisha watu 22 walioshinda bahati nasibu na watu 22 wa kawaida, wakakuta washindi hawakuwa na furaha zaidi kwa tofauti ya maana, na vitu vidogo vya kila siku kama kupiga stori na rafiki vilikuwa vinawapa raha kidogo kuliko wenzao. Ni kundi dogo, sawa, lakini jambo lenyewe kila mtu amelionja, binadamu anazoea. Kile ulichokililia mwaka jana leo hukioni hata kama kiko mbele yako.

Baada ya hapo fanya zoezi la wiki moja. Kila asubuhi igawe siku ya jana vipande vipande kama sehemu za filamu, kila kipande andika ulikuwa unafanya nini, na nani, na ulijisikiaje, kipe alama ya raha kuanzia 0 mpaka 6. Njia hii sijaitunga mimi, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliitumia kwa wanawake 909 waliokuwa na ajira huko Texas na wakaitoa 2004, na yaliyokaa juu yalikuwa mambo ya kukaa na watu na kupumzika, chini kabisa ikawa kazi na safari ya kwenda na kurudi kazini. Usiongope kwenye alama, hakuna anayekusahihishia. Mimi yangu ilinitia aibu kwa sababu kitu nilichokuwa najisifia kila mahali kilikuwa na alama 1.

Pia angalia unajilinganisha na nani. Wanafunzi walioonyeshwa video za washindi wa Olimpiki ya Barcelona 1992 waliona wa medali ya shaba (wa tatu) wana furaha kuliko wa medali ya fedha (wa pili). Wa fedha anawaza dhahabu iliyomponyoka, wa shaba anawaza angeweza kutoka mikono mitupu! Kwahiyo kwenye daftari lako ukikuta jina la mtu fulani linajirudia kila siku mbaya, huyo mpunguze kwenye simu yako hata mwezi mmoja tu uone.

Kuhusu hela nisizunguke. Hela inasaidia, wanaosema haisaidii mara nyingi wanayo. Utafiti wa 2010 ulidai faida yake inafika mahali inagota, mwingine wa 2021 ukasema inaendelea kupanda, na 2023 watafiti wa pande zote mbili wakakaa pamoja wakakuta kwamba kwa wengi inaendelea kupanda, ila wale wenye huzuni nyingi zaidi wanafika mahali hela haiwaongezei tena kitu. Kwahiyo kama kinachokuumiza ni kodi, katafute hela. Kama ni msiba au ndoa, mshahara mpya hautagusa hapo.

Ukishapata alama zako usikimbilie kuacha kazi, tafadhali. Tafuta kipande kimoja cha juu ukiongezee masaa mawili kwa wiki na kimoja cha chini ukipunguze, basi, halafu pima tena baada ya mwezi. Mimi cheo bado ninacho. Nilichofanya ni kuzima simu za kazi saa moja jioni, na kila Jumatano nakaa na vijana wapya nawafundisha kazi yenyewe, ile niliyokuwa naipenda kabla sijapandishwa. Bosi wangu alinuna kama wiki mbili hivi, akazoea.