Kumwandaa mwalimu tarajali anayekwenda kufundisha Kiswahili Rwanda kwa wiki nne

Mwalimu tarajali wa Kitanzania akiambiwa anakwenda kufundisha Kiswahili Kigali au Huye, huona kazi imekwisha kabla haijaanza. Lugha ni yake, amekua nayo, kuna nini tena cha kujiandaa? Mkufunzi aanzie hapohapo. Mtu aliyezoea kuchambua mashairi na ngeli mbele ya watoto wanaolala na kuamka na Kiswahili hajawahi kumfundisha mwanafunzi asiyeweza kusema "naomba maji". Rwanda iliifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, baada ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, lakini kwa wanafunzi wengi bado ni somo la darasani. Kengele ikilia, wanarudi kwenye Kinyarwanda.

Kalenda kwanza

Kabla ya pasipoti, fungua kalenda. Mwaka wa masomo wa Rwanda huanza Septemba na kuisha Julai. BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya wanachuo, katika vyuo vikuu vyetu mara nyingi huangukia Julai hadi Septemba, yaani wakati shule za Rwanda ziko kwenye likizo ndefu. Mipango mingi hufia hapa: barua zimeandikwa, nauli imetengwa, kumbe shule imefungwa. Omba idara iwaruhusu wanachuo hao wachache kwenda mwishoni mwa Septemba hadi Oktoba, au Januari hadi Februari. Epuka wiki ya kwanza ya muhula, ratiba haijatulia, na wiki mbili za mwisho, ambazo ni za mitihani. Aprili iache kabisa: kuanzia Aprili 7 nchi nzima huwa katika maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994.

Ukishapata tarehe, mwombe mkuu wa shule mwenyeji akuandikie barua ya mwaliko na aiarifu ofisi ya elimu ya wilaya yake. Usitume wanachuo kwa ahadi ya simu.

Nyaraka na safari

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huvuka mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Sisi hatumo kwenye mpango huo, hivyo kila mwanachuo awe na pasipoti. Ada yake ni Sh 150,000, na maombi hayaendi bila namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa. Wapo ambao majina yao kwenye cheti na NIDA yanatofautiana kwa herufi moja tu, na kurekebisha huko hula wiki. Kagua nyaraka za wote siku ya kwanza, miezi mitatu kabla. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya safari, na kadi ya njano ikae ndani ya pasipoti, isiingie kwenye begi la buti.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kwa basi kupitia Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,400. Panga wafike Ijumaa ili Jumatatu wasiingie darasani wamevimba miguu. Mpakani mifuko ya plastiki hutolewa, kwa hiyo viatu na zana vifungwe kwenye nguo au bahasha za kaki. Wakishavuka, magari hupita kulia: wafundishe kutazama kushoto kwanza wanapovuka barabara. Pikipiki hubeba abiria mmoja, naye huvaa kofia. Habari za mshikaki, yaani kupakizana wawili au watatu, waziache Ngara, upande wetu wa mpaka. Saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa 1, na kwenye miinuko ile usiku una baridi, sweta si pambo.

Wageuze wawe wanafunzi

Zoezi lenye faida kuliko yote halina gharama. Mtafute Mnyarwanda aliye karibu na chuo, awafundishe walimu tarajali Kinyarwanda kwa dakika 20 bila kutamka neno la Kiswahili wala Kiingereza: salamu (mwaramutse kwa asubuhi, mwiriwe kwa mchana na jioni), asante (murakoze), na vitu vitano vilivyomo chumbani. Kisha waulize ni wapi walipotea, na ni kitu gani kiliwaokoa. Watataja ishara za mikono, picha, kurudiarudia, na mwalimu aliyekuwa anasema polepole. Waandike hayo kwenye manila na kuyabandika ukutani, maana ndiyo watakayodaiwa katika ufundishaji wa majaribio.

Majaribio yenyewe yafanywe mara tatu kwa kila mmoja, dakika 15 kila mara, yakirekodiwa kwa simu. Kosa la mara ya kwanza huwa karibu lilelile kwa wote: anaongea dakika 11, "wanafunzi" dakika 4. Kosa la pili ni kasi. Hesabu maneno kwenye rekodi: yakizidi 100 kwa dakika kwa darasa la wanaoanza, arudie. La tatu ni kukimbilia Kiingereza kila sura zinapokunjamana. Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia huko, wanafunzi wataipokea kwa furaha, na kipindi cha Kiswahili kitakuwa kimegeuka kipindi cha Kiingereza.

Kinyarwanda ni ndugu, na ndugu huchanganya

Mwalimu tarajali asipojua chochote kuhusu lugha ya wanafunzi wake atadhani wanakosea ovyo. Makosa yao yana mpangilio.

Kinyarwanda hakitenganishi r na l kama sauti mbili zinazobadili maana. Mwalimu kwao ni mwarimu. Kwa hiyo usianze na "sema kama mimi", kwa sababu sikio halijaisikia tofauti. Chora kalamu kwenye kadi moja na sinia la pilau kwenye nyingine. Kila mwanafunzi awe na kadi zake mbili. Tamka "kalamu" au "karamu" mara 10 bila mpangilio, nao wainue kadi inayofaa, midomo imefungwa. Wakipata 8 kati ya 10, ndipo waanze kutamka: kwa l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia, kwa r inagonga mara moja na kuachia. Endelea na mahali na mahari, kula na kura. Dakika 7 za mwanzo wa kipindi, siku nne mfululizo, zinatosha. Ukilifanya kwa dakika 40 utawachosha na watakuchukia.

Sauti dh na th pia huwapa tabu: dhahabu hutoka kama zahabu, ambalo ndilo neno la Kinyarwanda. Hili lipite tu. Hata kwetu wapo wengi wanaosema hivyo na wanaeleweka.

Ngeli ni zawadi. Andika ubaoni igitabo na ibitabo, kando yake kitabu na vitabu. Umuntu na abantu, kando yake mtu na watu. Wape dakika 10 wakiwa wawiliwawili, watajigundulia wenyewe kanuni ambayo Mwingereza huihangaikia mwaka mzima. Mtego uko kwa wanyama. Kwa Kinyarwanda inka hufuata upatanisho wa ngeli yake (inka nziza), ndiyo maana mwanafunzi husema "ng'ombe nzuri zinakula". Hajakosa akili, ametafsiri sawasawa. Mwambie mara moja kwamba kwa Kiswahili chenye uhai huchukua a- kwa umoja na wa- kwa wingi, kisha mpe sentensi sita za wanyama azirekebishe.

Halafu kuna neno ejo, linalobeba jana na kesho kwa pamoja. Darasani chora mstari wa wakati, leo katikati, jana kushoto, kesho kulia, na ufundishe -li- na -ta- ukiwa umesimama chini ya upande unaohusika. Mwili wa mwalimu ndiyo zana hapa. Saa, kwa upande mwingine, hazisumbui: nao husema saa tatu kwa maana yetu hiyohiyo.

Mambo yasiyosemwa darasani

Kwetu kuulizana kabila ni utani, Mnyamwezi anamtania Mzaramo na chai inaendelea kunywewa. Rwanda swali hilo haliulizwi, si kwa mwanafunzi, si kwa mwalimu mwenyeji, si kwa dereva. Lisemwe waziwazi katika semina, lisiachwe liwe jambo la kukisia. Hata somo la msamiati wa familia linahitaji uangalifu: "tuambie kuhusu babu na bibi yako" inaweza kumfungulia mtoto msiba wa ukoo mzima. Tumia familia ya kubuni iliyochorwa kwenye manila. Fimbo nayo ibaki nyumbani, shule za Rwanda haziruhusu viboko.

Andalio la somo

Mtaala wa Rwanda umejengwa juu ya umahiri, kama wetu wa sasa, ila fomu ya andalio ina safu ambazo mwanachuo hajazizoea. Juu kabisa anaandika idadi na aina ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Pembeni mwa kila hatua ya somo anaeleza umahiri wa jumla na masuala mtambuka anayoyagusa. Wengi huyajaza kwa kunakili orodha. Mfundishe kuchagua moja na kueleza kwa sentensi moja linaingiaje kwenye shughuli hiyo. Pata fomu halisi kutoka shule mwenyeji na ajaze angalau tatu kabla ya kuondoka.

Kukubaliana na mwalimu mwenyeji

Wiki ya kwanza ni ya kutazama na kujifunza majina. Ya pili, vipindi 4 akifundisha pamoja na mwenyeji. Ya tatu na ya nne, vipindi 8 hadi 10 kwa wiki. Zaidi ya hapo anaanza kufundisha bila kuandaa. Fomu ya tathmini ya chuo ifupishwe iwe ukurasa mmoja, na iandikwe wazi nani anatoa alama: mwenyeji, mkufunzi, au wote kwa uwiano gani. Kama Kiswahili cha mwenyeji ni cha wastani, mwanachuo asimsahihishe mbele ya wanafunzi. Akifanya hivyo mara moja, hatakaribishwa tena, na chuo kitapoteza nafasi.

Barua ya kumaliza, yenye muhuri na sahihi, ichukuliwe Alhamisi ya wiki ya mwisho. Safari ya kurudi isipangwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi: kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi ni umuganda, yaani kazi za pamoja za kijamii, maduka yamefungwa na usafiri umesimama. Atakayekuwa na tiketi ya asubuhi hiyo atabaki kituoni na begi lake, au atapewa jembe.