Namna ya Kufuatilia Fedha za Umma Katika Ruzuku ya Magari

Serikali inapotangaza kwamba imetumia mabilioni kuwapunguzia wananchi bei ya magari, jumla hiyo peke yake haionyeshi fedha zilikokwenda. Mfano mzuri wa kujifunzia ni mpango wa Marekani wa mwaka 2009 ulioitwa CARS, ambapo mwenye gari kuukuu linalokula mafuta alilisalimisha kwa muuzaji, akapunguziwa dola 3,500 au 4,500 kwenye bei ya gari jipya, kisha muuzaji akaidai serikali kiasi hicho.

Anza kwa kutenganisha fedha zilizoidhinishwa, zilizodaiwa na zilizolipwa, kwa kuwa matangazo ya serikali hupenda kuzichanganya. Bunge la Marekani lilitenga kwanza dola bilioni 1, na zilipoelekea kwisha ndani ya siku chache likaongeza bilioni 2. Baada ya mpango kufungwa tarehe 24 Agosti, hesabu ya madai ilikuwa zaidi ya 690,000, yenye thamani ya karibu dola bilioni 2.88, lakini yaliyokubaliwa mwishowe yalikuwa takriban 677,000, kwa kama bilioni 2.85. Hayo elfu kumi na ushei yaliyopungua ndiyo ya kuulizia: yalikataliwa, yalifutwa, au yaliingizwa mara mbili?

Kisha omba orodha ya malipo yenye mstari mmoja kwa kila gari. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 kuhusu uhuru wa kupata taarifa inamruhusu mtu yeyote kuomba, hata asiye raia aliyeketi zake Tanga, na taasisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi, ingawa mara nyingi siku hizo hupita kimya. Andika kwa ufupi: “Naomba kwa njia ya kielektroniki kumbukumbu za malipo ya mpango huu, zikionyesha tarehe, kiasi, jimbo la muuzaji, na aina na mwaka wa gari lililosalimishwa na lililonunuliwa.” Majina ya wanunuzi usiyaombe; yanalindwa na kinga ya faragha, yaani kifungu cha sheria hiyo kinachoruhusu taarifa zisitolewe, nayo yatakuchelewesha bure.

Orodha ikifika, gawanya jumla kwa idadi ya magari. Hapa utapata wastani wa kama dola 4,210, unaoingia akilini kwa kuwa uko kati ya viwango viwili vilivyoruhusiwa. Lakini wastani huficha mengi, hivyo chuja kila mstari wenye kiasi kisicho 3,500 wala 4,500.

Ulizia pia uthibitisho kwamba gari kuukuu liliharibiwa. Muuzaji alitakiwa kumwaga oili, kujaza mchanganyiko wa kemikali ya sodiamu silikati na kuwasha injini mpaka inoki, ili gari lisirudi barabarani.

Ukinyimwa, soma barua ya kukataliwa uone ni kinga ipi iliyotajwa, kisha ukate rufaa ndani ya siku 90 ukiijibu kinga hiyohiyo, na uombe sehemu zisizohusika nayo zitolewe.